Wenye Funguo Hawana Undugu

Maximilla, mke wa Longinus mrina asali wa Kitahana, alikuwa mtu wa hofu. Mawingu yakitanda aliogopa mvua ya mawe, yakitawanyika aliogopa ukame. Kuku wake akitaga mfululizo aliuliza kulikoni. Majirani walimzoea, wakamtania kwamba siku atakayofika peponi ataomba kwanza aonyeshwe mlango wa kutokea. Lakini mtu wa hofu naye ana faida yake: ukimpa kitu akutunzie, hakipotei. Ndiyo maana wanawake wa kikundi cha Tujaribu walimvalisha ufunguo.

Ulikuwa ufunguo mdogo wa kufuli ya dukani, wala si wa kujivunia. Aliufunga kwenye uzi mmoja na rozari yake, akaufanya sehemu ya mwili. Akiinama kupalilia maharage, ufunguo na msalaba viligongana kifuani, naye alisimama kila mara kuugusa, kama mama anayegusa paji la uso la mtoto mwenye homa.

Hofu ya fedha hakuzaliwa nayo. Aliipata kwao Kasulu, akiwa msichana. Baba yake, Gharibu, alikuwa mchuuzi wa chumvi, mtu wa kwenda na kurudi kati ya Uvinza na ng'ambo ya mpaka. Safari moja alienda asirudi, Maximilla akiwa hajaota meno. Mama yake akamlea kwa nguruwe: anafuga, anauza, anafuga tena. Ndipo kikazuka chama cha akiba, na mama akapeleka huko fedha za nguruwe wote. Sanduku la chama lilikuwa na kufuli tatu, na watu walisifu ule ulinzi. Hakuna aliyehoji kwamba ufunguo wa kwanza alikuwa nao bwana mmoja, wa pili mdogo wake, na wa tatu shemeji yao. Jumapili moja wote watatu walialikwa harusini mbali, sanduku nalo likaalikwa. Harusi hiyo haijaisha hadi leo. Mama wa Maximilla aliishi miaka mingi baada ya hapo, ila hakuweza kupishana na nguruwe njiani bila kuguna.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Kwa hiyo mwaka 2012, bwana maendeleo alipofika Kitahana na pikipiki yake kuhimiza vikundi vya kuweka na kukopa, Maximilla alikaa mstari wa nyuma, karibu na mlango.

Bwana maendeleo aliitwa Yusuph, kijana wa Tanga, mpole, mwenye koti la mvua hata jua likiwaka. Alieleza vizuri. Alisema fedha iliyofukiwa chini ya godoro ni fedha iliyolala, na fedha ikilala, jembe nalo linalala. Alisema wasomi wa dunia nzima bado wanabishana: je, nchi changa hukua kwa sababu zimepata benki na mikopo, au benki huja zenyewe baada ya nchi kukua? Ni habari ya kuku na yai, akasema, nani alimtangulia mwenzake.

Evaline, mama muuza dagaa mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde, alinyoosha mkono. "Bwana Yusuph, sisi hapa hata manyoya hatujayaona. Tuletee kimojawapo, chochote, tutaanza nacho."

Watu wakacheka, Yusuph naye akacheka, na siku hiyohiyo kikundi kikaundwa, Evaline akawa mwenyekiti. Lakini lilipotajwa sanduku lenye kufuli tatu, Maximilla alisimama pale mlangoni, akasimulia habari za Kasulu. Akasema yeye hataweka hata shilingi mpaka iwekwe sheria: wenye funguo wasiwe ndugu, si wa damu, si wa ndoa.

Kila mtu aliona ni sheria nzuri. Tatizo lilikuwa kuitimiza. Kitahana, ukimtupia mbwa jiwe, shangazi yako ndiye atakayelia. Wazee waliitwa, wakakaa kutwa nzima wakifuata koo za watu, na kila wawili waliotajwa walikutana kwenye tumbo la bibi fulani. Mwishowe walipatikana watatu. Wa kwanza Recho, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Mara aliyeletwa na serikali. Wa pili Maximilla mwenyewe, ambaye kwao ni Kasulu. Wa tatu Laurentine.

Laurentine alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa binti mdogo, wakati wa vita vya kule, vita vilivyomnyang'anya baba na mama. Akaolewa na Kalunga, fundi seremala. Kalunga akafa kabla hawajapata mtoto aliyeishi, na ndugu zake, watu wa mbali, walikuja kuzika wakaondoka kabla ya kumaliza matanga. Hakuwa na mtu. Mzee mmoja alilitamka hilo kwa huruma: "Huyu hana hata wa kumletea maji akiugua."

"Huyo ndiye tunayemtaka," akajibu Evaline.

Ilikuwa mara ya kwanza upweke wa Laurentine kumfaa mtu, na yeye mwenyewe aliona fahari. Aliuvaa ufunguo shingoni kama Maximilla, juu ya blauzi, watu wauone.

Basi ikawa desturi. Kila Alhamisi, kwenye banda la kanisa, kabla sanduku halijafunguliwa, Evaline aliuliza kwa ile sauti yake: "Wenye funguo, mna undugu?" Nao watatu, mikono juu ya sanduku, walijibu kwa pamoja: "Hatuna." Ndipo kufuli zilifunguliwa. Wanachama waliupenda mtindo huo kuliko hata hesabu zenyewe. Watoto wakauiga, wakawa wanaulizana njiani mna undugu, hatuna, na kukimbia.

Na fedha zikaamka. Mama mmoja alikopa akanunua cherehani. Cherehani ikataka vifungo na nyuzi, mwenye duka akaanza kuvileta kutoka Kibondo mjini. Kwa kuwa sasa kulikuwa na mzigo, kijana wa pikipiki akaona inalipa kuja kila siku badala ya siku ya gulio tu. Kwa kuwa pikipiki ipo kila siku, Evaline akaagiza dagaa mara mbili zaidi. Bati zikaanza kumeta hapa na pale. Laurentine alikopa wakati wa mavuno, akanunua maharage bei ikiwa chini, akayahifadhi na kuyauza yalipopanda, akalipa deni akabakiwa na mbuzi wawili. Yusuph alikuja akaandika, uso ukimng'aa. Hata Maximilla alikopa mara moja, kidogo, akarudisha kabla ya siku yake kwa sababu alishindwa kula.

Yeye na Laurentine mashamba yao yalipakana, na funguo zikawafanya marafiki. Walilimiana kwa zamu. Walipepetea maharage uwanja mmoja. Laurentine alimwita Mama Raymond, jina la mwanawe wa kwanza, na akipika ugali wa muhogo alimpelekea. Wiki nzima waliishi hivyo, Alhamisi wakaenda kuapa kwamba hawana undugu, kisha wakarudi pamoja wakibebeana jembe. Hakuna aliyeona ajabu.

Mwaka 2013, kabla ya mvua za vuli, msako ukafika. Redioni ilisemwa kwamba wanaoishi nchini bila vibali warudi kwao, na baada ya redio yakaja magari. Askari waliokuja nayo walikuwa wametoka mikoa ya mbali. Masikioni mwao Kiha cha wenyeji na Kirundi cha ng'ambo ni kitu kimoja, na kusema kweli hawakukosea sana. Mpaka ulichorwa katikati ya maneno ya watu. Watu waliozaliwa Kibondo wakaanza kutembea na kadi za kupigia kura kifuani. Kadi ya Maximilla ililiwa na mchwa, akabaki na kipande chenye nusu ya uso wake.

Walikuwa uwanjani kwa Laurentine, wakipepeta, askari wawili na karani walipoingia. Karani aliuliza kadi. Laurentine alitoa kitabu chake cha hisa cha Tujaribu, na kadi ya marehemu mumewe.

"Hii ni ya marehemu," karani akasema. "Wewe una ndugu hapa? Wa kukutambua?"

Laurentine alimtazama Maximilla tu. Askari mmoja akaufuata ule mtazamo, akageuka. "Nyie wawili, mna undugu?"

"Hatuna," akasema Maximilla.

Neno lilitoka kabla hajaliita. Alikuwa amelisema kila Alhamisi kwa zaidi ya mwaka, kwa swali lilelile, na ulimi ulijua njia yake. Alipolisikia likiwa nje tayari, alitaka kulikimbilia. Alitaka kusema, lakini ni jirani yangu, ni mwenzangu, naomba tafadhali. Hapo ndipo hofu yake ya kila siku ilipomzuia: kile kipande cha kadi, lafudhi yake, watoto waliokuwa shambani. Akaendelea kupepeta.

Laurentine aliweka ungo chini taratibu, maharage yasimwagike. Akafunga mlango, akajifunga kitenge cha pili, akatangulia kwenda kwenye gari. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake.

Alhamisi iliyofuata sanduku liliwekwa katikati ya banda na kufuli zake tatu, na funguo mbili. Ndani yake zilikuwemo fedha za mbolea. Vocha za ruzuku zilikuwa zimeshagawiwa, na wakala wa pembejeo mjini alisema wazi: atakayekosa kupeleka mchango wake kabla ya mwisho wa mwezi, vocha yake inakwenda kwa mwingine. Mashamba yalishalimwa. Upepo wa mvua ulishaanza kuvuma jioni. Wanawake waliliangalia lile sanduku.

"Aitwe fundi akate," mmoja akasema. "Mwenye ufunguo hayupo, na hatarudi."

"Likatwe mbele yetu sote," mwingine akaunga mkono. "Tugawane, kila mtu ashike chake."

Evaline alikataa. "Likikatwa leo kwa sababu nzuri, kesho litakatwa kwa sababu mbaya. Na mkishagawana, nani atarudisha?" Lakini sauti yake haikuvuka bonde siku hiyo, na mwisho alikubali: Alhamisi ijayo, ufunguo usipoonekana, fundi ataitwa.

Yusuph alikuwepo, koti la mvua likiwa magotini. Alisema amesikia kwamba waliokamatwa upande huu wamekusanywa Nyabibuye, kwenye uwanja wa shule, wakisubiri kuvushwa. Wapo walioachiwa. Ndugu alikuja na barua ya mtendaji wa kijiji, akamtambua mtu wake, wakamruhusu.

"Shida ni kwamba hana ndugu," Evaline akasema polepole. "Tulimchagua kwa hilo."

Maximilla alitoka nje kabla mkutano haujaisha. Hakuna aliyeshangaa, walidhani ni hofu yake ya kawaida. Nyumbani alimweleza Longinus yote, neno lile lilivyotoka na ungo ulivyowekwa chini. Longinus alikuwa mtu wa maneno machache, aliyezoea kukaa na nyuki. Alikuwa akichonga mzinga, akaendelea kuchonga mpaka mkewe alipomaliza.

"Utaenda huko Nyabibuye useme nini?"

"Nitasema ni mdogo wangu. Baba mmoja, mama mbalimbali. Baba yangu alikuwa mtu wa kuvuka mpaka, nani atabisha?"

"Na Alhamisi, Evaline akiuliza, utasema nini?"

Maximilla aliona mambo mawili tu. Akimwacha Laurentine, ataishi na lile neno mpaka kaburini. Akimfuata, basi mbele ya kikundi atakuwa ni yuleyule bwana wa Kasulu: mtu aliyeshika ufunguo na ndugu yake huku akiapa. Na sheria yenyewe aliileta yeye.

Asubuhi alikwenda kwa mtendaji wa kijiji. Mtendaji huyo, Hilali, alikuwa mtu makini, asiyependa kusukumwa, na mkewe alikuwa mwanachama wa Tujaribu. Alimsikiliza Maximilla hadi mwisho, kalamu ikiwa juu juu.

"Mama Raymond, nyie si ndio mnaoapa kila wiki? Mke wangu ananiigizia hapa nyumbani."

"Ndio sisi, mheshimiwa."

"Na leo ni mdogo wako."

"Ni mdogo wangu."

Hilali alishusha kalamu kwenye karatasi. "Mimi naandika unalosema wewe. Ila jina langu ndilo litakaa chini ya barua hii. Kwa hiyo Alhamisi nitakuja bandani nisikie kwa masikio yangu. Nikisikia 'hatuna', nitapiga simu waje wamchukue, na wewe utaeleza mbele ya sheria kwa nini ulinidanganya."

Safari ya Nyabibuye Maximilla aliifanya kwa pikipiki, macho ameyafumba nusu ya njia. Mbele ya Kakonko kulikuwa na kizuizi. Askari alimsikia akisalimia, akataka kadi, naye akatoa kile kipande.

"Huyu ni nani? Hapa kuna sikio na nywele tu."

"Mchwa, afande."

"Diwani wenu anaitwa nani?"

Maximilla alimtaja diwani, akamtaja mkewe, akataja na mambo ya yule wa pili anayefichwa kule ng'ambo ya mto. Woga ukimshika alikuwa hana breki. Askari akacheka, akainua mti wa kizuizi.

Uwanja wa shule ulikuwa umejaa watu na mafurushi, moshi wa kuni mbichi, watoto wenye mafua. Laurentine alikuwa ameketi juu ya tofali, nywele zimejaa vumbi. Alipomwona Maximilla alianza kusimama, kisha akakaa tena. Maximilla aliita jina lake.

Afande mwenye daftari alisoma barua mara mbili. Hakuridhika. Akamwambia Maximilla asimame kando, karibu na bendera, asiseme kitu. Akamwita Laurentine.

"Yule mwanamke unamjua?"

"Namjua."

"Mna undugu?"

Swali lilikuwa lilelile, neno kwa neno. Maximilla akasema moyoni, atajibu nilivyojibu mimi. Ana haki. Na hata kama hana kinyongo, yeye ndiye aliyekuwa akiapa kwa sauti kuliko wote, fahari yake yote ni kiapo hicho. Aliona mkono wa Laurentine ukipanda shingoni, ukaushika ufunguo, ukatulia hapo muda mrefu mno. Afande akagonga daftari kwa kalamu.

"Tunao," Laurentine akasema. "Yeye ndiye mkubwa."

"Mbona hamfanani? Huyu mrefu, yule kama kisiki."

Pembeni alikuwepo askari mtu mzima, akichoma hindi kwenye makaa. Hakuinua kichwa. "Undugu kufaana, afande, si kufanana. Waache waende, bado tuna foleni."

Walipofika Kakonko pikipiki ilisimama kutia mafuta, nao wakashuka, wakasimama chini ya paa la duka lililofungwa. Laurentine alikuwa akitazama barabara.

"Siku ile ulisema hatuna."

"Nilisema."

"Nilipokusikia nilifikiri, amejibu vizuri, Alhamisi yetu haijaharibika." Akapangusa pua kwa pembe ya kitenge. "Halafu kwenye gari nikalia mpaka nikashindwa kupumua. Mama Raymond, mimi nilidhani lile ni la sandukuni tu."

"Hata mimi," Maximilla akasema, akalia waziwazi barabarani, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. "Nisamehe."

"Nimeshakuita mkubwa mbele ya bunduki. Nikusamehe mara ngapi?"

Alhamisi ikafika. Banda lilifurika, hata wasio wanachama walikuja. Fundi alikuwepo na msumeno wake, hakuna aliyekumbuka kumwambia asije. Hilali aliketi kwenye kiti alichotoka nacho nyumbani, kofia magotini. Watu walimshangilia Laurentine, wakamshika mikono, lakini shangwe ilikuwa fupi, kwa sababu kila mtu alijua swali linalokuja.

Maximilla, Recho na Laurentine waliweka mikono juu ya sanduku. Bati lilikuwa baridi. Evaline alisafisha koo.

"Wenye funguo, mna undugu?"

"Hatuna," akasema Recho. Akasema peke yake, akageuza kichwa kuwaangalia wenzake.

Hapo ndipo Maximilla alipoona kwamba katika maisha yake yote ya kuogopa hakuwahi kuogopa kitu cha kweli. Akisema hatuna, yule mwenye kofia atainuka. Akisema tunao, itakuwa mwaka mzima na miezi yake alikuwa akiapa uongo, na hata siku moja hataweza kumweleza mtu kwamba haikuwa hivyo, maana kueleza ni kumrudisha Laurentine kwenye gari. Alimkumbuka mama yake akiguna njiani.

"Tunao," akasema.

Kelele zikapanda. Mama mwenye cherehani alisimama. "Kwa hiyo siku zote mlikuwa mnatuapia uongo?"

"Tuliapa uongo. Ni mdogo wangu, baba mmoja. Mimi ndiye mkubwa na mimi ndiye niliyeleta sheria. Kosa ni langu."

Evaline alimkazia macho. Evaline alikuwepo kutwa ile wazee walipofuata koo, alijua kama kiganja chake kwamba kati ya hawa wawili hakuna hata bibi mmoja wa kukopeshana. Wengi walijua. Lakini Hilali alikuwa ameinama mbele, anasikiliza, na Evaline hakuwa mjinga. Alijinyoosha, na sauti ikarudi, ile ya kuvuka bonde.

"Maximilla, umekidanganya kikundi hiki. Utatozwa faini kubwa kuliko zote zilizo kwenye katiba yetu. Utafungua kufuli leo kwa mara ya mwisho, kisha ufunguo utauacha hapo mezani, na hutashika tena ufunguo wa Tujaribu mpaka unakufa. Mdogo wako atabaki na wake, maana aliyetakiwa kusema ni mkubwa. Mwalimu Recho, andika."

Recho akaandika, machozi yakimdondokea mkononi. Hilali akavaa kofia. "Basi," akasema, "nimesikia," akachukua kiti chake akaondoka. Mkewe alimsindikiza kwa macho mpaka akapotea kwenye migomba, na hakusema neno siku hiyo wala baadaye.

Kufuli tatu zilifunguliwa. Fedha za mbolea zikatoka, zikaenda kwa wakala kabla mwezi haujaisha. Wanawake wawili walidai hisa zao zote papo hapo, wakasema hawakai na waapa uongo, na mmoja wao alikuwa rafiki wa Maximilla tangu aolewe. Hakumsalimia tena. Watoto wakaacha mchezo wao wa mna undugu, wakaanza mwingine ambao Maximilla akipita waliukatisha ghafla.

Mvua ikanyesha. Maharage yalistawi mwaka huo, na Yusuph aliandika kwamba kikundi kimekua. Maximilla akiinama kupalilia, mkono bado ulipanda shingoni kuugusa ufunguo, ukakuta rozari peke yake.

Hofu mpya haikuchelewa kumjia: ipo siku watauliza zaidi. Watauliza huyo baba alikuwaje. Kwa hiyo wawili hao, wakilima, walianza kumtunga. Jina lilikuwepo, Gharibu, mchuuzi wa chumvi. Mengine hata Maximilla hakuyajua, maana hakumkumbuka. Wakakubaliana kwamba alikuwa mfupi, kwamba alikuwa na kikohozi cha asubuhi, kwamba alipenda muhogo wa kuchoma na hakupenda kelele za watoto wakati wa kula. Laurentine akaongeza kwamba akivuka mpaka alikuwa akipiga mluzi ili mbwa wamjue. Maximilla akasema hilo lisitolewe kwa karani, linapendeza mno. Lakini alilikumbuka, akawasimulia wanawe. Msimu baada ya msimu mzee akazidi kunawiri, na Laurentine akaacha kusema Mama Raymond, akasema dada, hata pale ambapo hapakuwa na mtu wa kusikia.

Mwaka 2015 kule ng'ambo kukachafuka tena. Watu wakavuka kwa maelfu, kambi ya wakimbizi ya Nduta ikafunguliwa upya, na vijijini makarani wakaanza kupita kutenganisha wenyeji na wageni. Aliyekuja Kitahana alikuwa kijana mwenye miwani, mwenye adabu. Aliwakuta uwanjani kwa Laurentine, wanapepeta. Akawahoji mmoja mmoja, mwingine akiwa amesimama nyuma ya nyumba.

Jina la baba? Gharibu. Kazi yake? Chumvi. Umbo? Mfupi. Maradhi? Kikohozi, hasa asubuhi. Hawakupishana hata kidogo. Kijana akaridhika, akawaita wote wawili wakae pamoja, amalizie.

"Na kaburi la mzee liko wapi?"

Hilo hawakuwa wamelitunga. Laurentine alifungua mdomo, akamgeukia dada yake. Na Maximilla, aliyejiandaa kwa kila swali duniani, aliona kwamba jibu hana, hakuwahi kuwa nalo, wala hakuna mtu aliyewahi kumwuliza. Kilio kikamtoka kama cha mtoto. Laurentine akamkumbatia, na baba yake mwenyewe, aliyeachwa mahali fulani njiani wakati wa vita, akamjia machoni, naye akalia pia.

"Alienda akafia safarini," Laurentine akamjibu karani. "Hatukuonyeshwa."

Kijana aliacha kuandika. Akavua miwani, akawapa pole, akasema hilo si lazima, akaenda nyumba ya pili. Wao wakabaki pale uwanjani, wakimlilia baba yao.